Waya wa Baba Pacha

Kila asubuhi, kabla hajaosha uso, Mama Pacha alizunguka nyuma ya trekta kuangalia waya.

Ulikuwa waya mnene wa kufungia nondo, umekula kutu. Ulizungushwa kwenye mkono wa kushoto wa trekta, pale linapofungwa jembe. Ncha zake zilisokotwa pamoja, halafu zikakunjwa kwa ndani ili zisimchome mtu. Mumewe ndiye aliyezikunja. Mama Pacha aliujua msokoto ule kama mtu anavyoujua mwandiko wa mpenzi wake. Aliugusa kwa kidole kimoja, kisha akaenda kuwasha moto na kuwaamsha watoto.

Trekta lilikuwa zee. Mapacha waliliita Kikongwe. Liliwaka kwa kukohoa, na likitembea lilipiga kelele kwa nyuma: kwa-kwa-kwa. Majirani walimwambia mkono umelegea, autengeneze.

"Mwacheni mzee wa watu akohoe," Mama Pacha aliwajibu.

Mumewe alikuwa mbali, nchi nyingine kabisa, akiendesha greda kwenye kambi ya barabara. Siku aliyoondoka, gari lilijaa watu na mizigo. Lilipokaribia kona, Baba Pacha alitoa kichwa na mkono dirishani. Alionyesha upande wa uani, pale trekta liliposimama chini ya mti uliotundikwa mzinga wa nyuki. Alipiga kelele, lakini injini ililimeza neno la kwanza. Mama Pacha alisikia la mwisho tu.

"... usiufungue mpaka nirudi!"

Mama Pacha aligeuka akatazama alikoonyeshwa. Aliliona trekta. Aliuona waya, ambao mumewe alikuwa ameufunga jana yake jioni. Akapunga mkono kwa nguvu.

"Sitaufungua!"

Na kweli hakuufungua. Msimu uliopita alilima mwenyewe, polepole, akiuonea waya huruma kama kidonda. Jembe liliyumba huku na huku. Matuta yalipinda kama njia ya mlevi. Alilima kipande kidogo cha juu, sehemu ya bondeni ikabaki nyasi. Mahindi yaliyopatikana yaliishia tumboni, hakuna gunia lililokwenda sokoni.

Sasa mawingu yalianza tena kukusanyika upande wa milimani. Na safari hii kulikuwa na neno.

"Mkataba wangu unaisha baada ya mavuno," Baba Pacha alisema kwenye simu. "Shamba likitoa kitu, narudi moja kwa moja. Lisipotoa, itabidi nisaini tena. Watoto lazima wasome."

"Litatoa," alisema Mama Pacha.

"Bondeni utaweza?"

"Nitaweza. Mbuzi mweusi amezaa. Paa la jiko halivuji tena. Mapacha wamepata sare mpya."

Ndivyo alivyozungumza naye siku zote. Alitoa taarifa kama karani. Neno lenyewe, lile lililomkaa kooni, hakuwahi kulitoa. Simu ikikatika alibaki ameishika sikioni, akisikiliza pale sauti ilipokuwa.

*

Siku aliyoanza kulima bonde, udongo ulikuwa bado mgumu. Kikongwe aliguna, jembe likaingia, ardhi ikaanza kupinduka. Mstari wa kwanza ulikwenda. Wa pili ukapinda. Mwisho wa mstari Mama Pacha alivuta mpini wa kuinulia jembe ili ageuze trekta. Pacha mdogo alikuwa anakuja na kopo la maji ya kunywa.

Kwa-kwa-kwa, KWAA!

Upande wa kushoto wa jembe ulianguka. Jembe zima lilijipinda, likaning'inia kwa upande mmoja, ncha yake ikazama ardhini. Mkono wa trekta uliobaki wazi ulirushwa, ukaligonga tairi kwa kishindo, ukarudi.

Pacha mdogo alisimama pale pale. Maji yote yalikuwa miguuni mwake. Kati yake na jembe, mbuzi asingepata nafasi ya kulala.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "limetema."

Mama Pacha alizima injini. Hakukumbuka alivyoshuka. Alimpapasa mtoto kichwa, mikono, miguu, akarudia tena kichwa.

"Umeumia wapi?"

"Sijaumia."

"Sema kweli!"

"Sijaumia, mama. Unanibana."

Alimwachia. Kisha akafanya jambo la ajabu. Alikwenda nyuma ya trekta, akaokota kipande cha nondo kilichoshikilia jembe, ambacho kilikuwa kimechomoka, akakirudisha tunduni. Waya ulikuwa umeteleza pembeni lakini haukukatika. Aliusogeza, akaukaza kwa koleo taratibu, akijihadhari asiuvuruge ule msokoto. Alirudi nyumbani kwa mwendo wa kinyonga.

*

Wifi yake alifika kesho yake, bila taarifa, kama kawaida yake. Alikuwa dada mkubwa wa Baba Pacha, mkufunzi wa madereva wa matrekta kwenye chuo cha kilimo. Alikuwa mnene, mchangamfu, na sauti yake ilitangulia kuingia uani.

"Hodi humu! Wifi, upo, au umeshaolewa kwingine?"

"Nani atanioa, na wifi mwenye mdomo kama wako yuko mlangoni?"

"Aa! Basi mahari ya kaka yangu haikupotea."

Walikumbatiana wakicheka. Mama Pacha akamtengea kiti na chai. Wifi alikuwa hajameza funda la pili wakati pacha mdogo alipomsogelea.

"Shangazi, jana jembe lilitaka kunila."

Pacha mkubwa akadakia, "Lilianguka pwaa! Mama alilia."

"Sikulia," alisema Mama Pacha.

"Ulilia kwa ndani," alisema pacha mkubwa.

Wifi aliinuka na kikombe chake mkononi. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya trekta. Aliinama, akashika mkono wa kushoto, akautikisa. Kwa-kwa. Akanywa chai. Akautikisa tena. Kwa-kwa-kwa.

"Wifi! Njoo. Hiki ni nini?"

"Waya."

"Macho ninayo. Kazi yake hapa ni nini?"

"Unashika."

"Unashika nini?"

"Kaka yako aliufunga."

"Sikuuliza kaufunga nani. Nimeuliza unashika nini."

Wifi aliweka kikombe juu ya tairi.

"Sikiliza. Trekta linabeba jembe kwa mikono mitatu. Miwili ya chini, huu na ule, ndiyo inayovuta na kuinua. Wa tatu ni huu wa juu, unazuia jembe lisipinduke. Kila mkono wa chini una kichwa. Ndani ya kichwa kuna gololi kubwa kama ngumi, ina tundu katikati. Pini ya jembe inapita kwenye tundu. Gololi inazunguka ili jembe lifuate mabonde na vilima bila kuvunja kitu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Sasa tazama. Gololi yako imelika mpaka inacheza kama jino bovu. Tundu lilikuwa duara, sasa ni yai. Badala ya pini kuna kipande cha nondo ya kujengea nyumba. Nondo ni laini, inalika haraka na inapinda. Badala ya kipini cha usalama cha kuzuia pini isichomoke, kuna huu waya. Waya unafaa kufungia uzio na kuanikia nguo. Haushiki jembe lililo juu ya kichwa cha mtoto. Lete koleo tuukate."

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Usiuguse, wifi."

Mama Pacha alikuwa amesimama kati ya wifi yake na trekta. Uso wake ulikuwa umekaza kama ngozi ya ngoma.

"Aliniambia nisiufungue mpaka arudi," alisema. "Ni neno lake la mwisho kwangu. Kila kitu kingine humu ndani kimebadilika. Nguo zake zimeisha harufu yake. Kitanda kimezoea mtu mmoja. Hata watoto wameota meno mengine, hatawajua. Hiki tu ndicho kiko kama alivyokiacha. Amekifunga kwa mikono yake. Siwezi."

Wifi hakucheka. Alishusha pumzi, akaegemea tairi.

"Na mimi nimemkumbuka, wifi. Nilimbeba mgongoni huyo. Nina kofia yake kuukuu, sanduku zima linamnuka yeye. Nikizidiwa nafungua sanduku. Lakini kofia haimwangukii mtoto."

Hapo Mama Pacha aliinamisha kichwa.

"Mpigie," alisema wifi.

"Yuko kazini."

"Mpigie. Kama ni yeye aliyekataza, na aruhusu yeye."

Simu iliita kwa muda mrefu. Mwisho sauti ya Baba Pacha ikasikika, nyuma yake ngurumo za mitambo.

"Kuna nini? Watoto wazima?"

"Wazima. Ni kuhusu waya."

"Waya gani?"

"Ule wa trekta. Wa mkono wa kushoto. Dada yako anataka kuukata."

Ngurumo za mitambo zikasogea mbali.

"Ule? Mpaka leo upo? Mama Pacha, mimi niliufunga wa kunifikisha nyumbani tu! Pini ilidondoka njiani nikiwa natoka shambani. Nikaokota nondo, nikaizungushia waya. Hukununua pini?"

"Si ulisema nisiufungue mpaka urudi?"

"Nilisema mzinga!"

"Nini?"

"Mzinga! Nilisema mzinga usiufungue! Nyuki walikuwa wakali, nikaogopa watakuua wewe na watoto. Ukaufunguaje waya... namaanisha, hukuufunguaje..." Alichanganyikiwa mwenyewe. "Mzinga uko salama?"

Mama Pacha aliutazama mti.

"Mzinga niliufungua zamani," alisema. "Asali tumeshaila."

Wifi aliketi chini kwenye vumbi na kitenge chake kizuri. Alicheka mpaka akashika mbavu. Mapacha nao walicheka kwa sababu shangazi anacheka. Hata kule kambini Baba Pacha alisikika akikohoa kwa kicheko. Mama Pacha naye alicheka. Alicheka kwa nguvu, halafu ghafla kicheko kikamkauka. Akampa wifi yake simu, akaenda upande wa pili wa trekta peke yake.

Muda wote huo alikuwa ameulinda ule waya. Mwenzake hata hakujua kama bado upo.

Wifi alimfuata baada ya muda, akamwekea koleo mkononi bila kumtazama usoni.

"Kata mwenyewe. Lakini si sasa hivi. Kwanza tufanye inavyotakiwa."

*

Walifanya inavyotakiwa. Kikongwe alipelekwa mahali tambarare. Jembe lilishushwa mpaka likalala chini. Injini ikazimwa, ufunguo ukatolewa, breki ya mkono ikavutwa, mawe yakawekwa mbele na nyuma ya matairi makubwa.

"Kwa nini tulilaze?" aliuliza Mama Pacha. "Si mikono inalishika juu?"

"Inayolishika ni mafuta yaliyo ndani ya mashine. Mafuta yakivuja, au mtoto akigusa mpini, jembe linashuka. Halipigi hodi. Usiingie chini ya jembe lililoinuliwa, hata kama umeangusha pete ya ndoa. Nimeshaona vidole, wifi. Nimeviona vikiwa peke yake."

Mama Pacha aliikunja ngumi yake bila kujua.

Kisha akaukata. Waya ulilia tik, ukafunguka kidogo, kutu ikamwangukia kiganjani. Aliusubiri uchungu. Haukuja. Ulikuwa waya tu, tena mbovu. Akautupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu.

Walikwangua tope na grisi iliyogandamana, wakaosha kwa dizeli kidogo na brashi. Hapo maovu yote yalijitokeza. Pini ya kulia, ambayo Mama Pacha aliiamini, ilikuwa imelika katikati kama mfupa uliotafunwa na mbwa. Kichwa cha mkono wa kushoto kilikuwa na ufa mwembamba. Kati ya minyororo ya pembeni, inayozuia mikono isiyumbe, mmoja ulikuwa umelegea mpaka unagusa ardhi.

"Ndiyo maana matuta yako yanacheza dansi," alisema wifi. "Mkono mmoja unatembea, mwingine unazurura."

Mama Pacha alichukua kamba akapima unene wa pini ya zamani ili aende nayo dukani. Alipima pale katikati. Wifi alimpiga kofi dogo mkononi.

"Umepima ugonjwa! Pima afya. Hapa mwishoni, ambapo haijalika. Ukinunua ya kipimo cha katikati, itakuwa nyembamba tangu siku ya kwanza, na tundu litalika tena. Afadhali uibebe pini yenyewe."

Waliifungua mikono yote miwili ya chini, wakaibeba pamoja na pini yenyewe. Duka la spea lilikuwa chumba kirefu chenye giza, kinanuka mpira mpya. Muuzaji aliwatolea bolti ndefu inayong'aa.

"Hii inafaa kabisa, mama. Wote wananunua hii."

"Bolti ina meno," alisema Mama Pacha, kabla wifi hajafungua mdomo. "Meno yatakula tundu. Nataka pini ya trekta, ya chuma kigumu. Mbili. Na vipini vya usalama vyenye pete."

Wifi alitazama dari akijifanya hasikii, lakini mashavu yake yalijaa kicheko. Walinunua pia vichwa viwili vipya vya mikono, kila kimoja na gololi yake ndani.

Karakana ya fundi wa kuchomelea ilikuwa barabara ya pili. Fundi aliitwa Cheche, kwa sababu shati lake lilikuwa na matundu kila mahali. Alikuwa anamhudumia mteja. Mteja huyo alikuwa ameupa mlango mgongo. Shingo yake ilikuwa nyeusi kwa jua, na kola ilikuwa imekunjika upande mmoja. Mama Pacha alidhani ni mumewe. Alipiga hatua. Mtu yule akageuka, akawa mtu mwingine kabisa, mwenye ndevu. Mama Pacha akajifanya anatafuta mahali pa kuweka mkoba.

"Karibuni, mama zangu!" alisema Cheche. Aliutazama mkono wa trekta. "Hii kazi ndogo. Nachomelea hapa, nachomelea pale, hiyo gololi haitatikisika tena mpaka Yesu arudi."

"Na haitazunguka tena mpaka siku hiyo hiyo," alisema wifi. "Ukiichomelea gololi umeiua. Jembe likipanda kilima, nini kitapinda? Mkono wenyewe. Kata kichwa chote cha zamani, weka kipya."

"Mwalimu, una maneno makali."

"Na moto wako je?"

"Moto wangu mkali zaidi."

"Haya, tuone."

Kabla Cheche hajakata, wifi alimwambia alaze mikono yote miwili mezani, bega kwa bega. Walipitisha chuma kimoja kilichonyooka kwenye matundu ya nyuma ya mikono yote miwili. Kisha wakapima urefu, kutoka tundu la nyuma mpaka katikati ya gololi, na kuchora alama kwa chaki.

"Mkono mmoja ukizidi hata kwa unene wa kidole, jembe litakwenda upande," alieleza. "Utashinda unalaumu udongo."

Cheche alikata, akasafisha kingo mpaka zikang'aa, akaviweka vichwa vipya mahali pake. Kabla ya kuunga moja kwa moja alipitisha chuma cha pili kwenye gololi mbili za mbele. Kilipita bila kusukumwa. Akavaa kinyago chake.

"Msitazame!" alisema.

Wanawake waligeukia barabarani. Mwanga wa buluu ulimeta ukutani mbele yao. Waliona vivuli vyao viwili, kimoja kinene, kimoja chembamba.

"Wifi," alisema Mama Pacha polepole, "asiporudi?"

"Atarudi."

"Akisaini tena?"

"Ulishamwambia unataka arudi?"

"Anajua."

"Hata yeye alidhani unajua ni mzinga," alisema wifi. "Usimwachie mtu abahatishe, wifi. Hasa mwanamume. Hasa yule. Namfahamu."

Kazi ilipomalizika, Cheche alishika ndoo ya maji. Wifi aliizuia.

"Usiumwagie. Chuma chenye moto kikimwagiwa maji kinapasuka. Kiache kipoe chenyewe. Sisi tuna haraka, chuma hakina."

*

Walirudisha mikono, wakafunga jembe kwa pini mpya, wakapitisha vipini vya usalama na kuzungusha pete. Waliikaza minyororo ya pembeni sawasawa, ikabaki na nafasi ndogo tu ya kupumua. Walipaka grisi kila panapozunguka. Kisha wifi alitaka kuona mara ya kwanza jembe linainuliwa. Watoto walisimamishwa mbali, kwenye ngazi ya nyumba.

Jembe lilipanda. Halikugonga, halikuyumba. Ilisikika injini tu.

"Mbona limenyamaza?" aliuliza pacha mkubwa.

"Limepona kikohozi," alisema Mama Pacha. Kelele zile alizizoea. Zilikuwa kama mtu mwingine ndani ya nyumba.

Kabla ya kuondoka, wifi alimpa onyo moja zaidi.

"Watu watakuja kukuomba uvute gogo au gari lililokwama. Usifunge mnyororo hapa juu, kwenye mkono wa tatu, hata wakupigie magoti. Ukivuta kwa juu, trekta linainua pua na kukulalia mgongoni. Kitu cha kuvuta kinafungwa chini, kwenye kishikio cha kuvutia. Na kila unapokwenda shambani, tikisa kila mkono kwanza. Kikicheza kitu, usilime."

"Nitatikisa."

"Na yule mwingine umtikise pia. Kwenye simu."

Bonde lililimwa lote. Mistari ilinyooka mpaka majirani walikuja kusimama pembeni na kuinama, jicho moja wamelifumba, kama wanaopima ukuta. Jirani mmoja mwenye trekta kuukuu kama Kikongwe aliondoka bila kuaga. Alirudi na pini yake iliyolika, akaomba aonyeshwe duka. Mama Pacha alimpokea pini.

"Unapima wapi?" alimuuliza.

"Hapa katikati."

"Umepima ugonjwa," alisema Mama Pacha.

Mvua ilikuja ikakuta mbegu ardhini. Mahindi yalisimama bondeni mpaka mapacha wakipita katikati huwaoni, unasikia tu wanavyogombana. Wakati wa palizi Mama Pacha aliyatazama, akatamani mtu wa kutazama naye. Wakati wa kuvuna alitamani zaidi. Ghala lilijaa, magunia mengine yakaenda sokoni.

Simu ililia wakati anakoboa mahindi.

"Mkataba uko mezani," alisema Baba Pacha. "Wananiuliza. Huko hali ikoje?"

Taarifa zote zilimjia mdomoni: ghala, magunia, mbuzi. Alizimeza.

"Nimekukumbuka," alisema. "Nimechoka kukusikia. Nataka kukuona. Usisaini."

Karatasi ilisikika ikisukumwa kando.

"Sikujua," alisema Baba Pacha. "Hujawahi kusema."

"Sasa nimesema. Na shamba limetoa."

Baba Pacha alirudi akiwa amekonda, na mvi mbili tatu ambazo hakuondoka nazo. Mapacha walimwonea haya, kisha wakampanda kama mti. Alipokwisha kunywa maji alikwenda nyuma ya trekta. Alishika mkono wa kushoto, akautikisa. Kimya. Akatikisa wa kulia. Kimya. Alivuta minyororo, akazungusha gololi kwa kidole, akanusa grisi.

"Nani kafanya?"

"Mimi, dada yako, na Cheche."

Alitazama paa la jiko. Halikuwa na tundu. Alijaribu mlango wa ghala, ukafunguka bila kulia. Alirudi akasimama katikati ya ua, mikono mitupu, kama mgeni aliyekosea nyumba.

"Sasa mimi kazi yangu hapa ni ipi?"

Mama Pacha alitoa kiti nje, akakiweka mbele ya chake.

"Kaa hapo."

"Halafu nifanye nini?"

"Usifanye kitu. Kaa nikutazame."

Baba Pacha akakaa.